Paa Bila Tangi

Mtanisamehe mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kwa sababu ninaandikia gotini, na tahajia niliyo nayo ni ile niliyotoka nayo darasa la nane, sijaongeza nyingine. Ukurasa mmoja hunichukua karibu saa nzima. Nikiharakisha, mkono unaruka silabi, kisha inanibidi nirudi kuitafuta. Kwa hiyo mkikuta neno limekosewa, si kwamba sikujali. Huenda nimelitazama muda mrefu kuliko nyinyi.

Nimeombwa nieleze kwa nini nazichukia komiki za siku hizi. Sizichukii zote. Nazichukia nyingi, na hizo nyingi nimezisoma mpaka mwisho, tena mara mbili.

Kila Jumamosi mchana hutoka Waithaka nikaenda mjini, kwenye ngazi za jengo moja la zamani karibu na maduka ya vitambaa. Hapo kuna mama anayekodisha komiki. Amezitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kila moja ndani ya mfuko wake wa nailoni, naye hukaa ngazi ya tatu akifuma sweta. Ana sheria moja. Ndani ya jalada la nyuma la kila komiki amebana karatasi ya daftari, na hupokei komiki nyingine kabla hujaandika maoni yako juu ya ile unayorudisha. Neno moja linatosha. Wengi huandika "poa" au "fiti", wakaondoka. Hakuna anayeandika jina. Kila mtu ana alama yake: mmoja huchora nyota, mwingine jicho. Mimi huchora duara lenye mstari juu yake. Ni tangi la maji na kifuniko chake, kwa sababu kazi yangu ni kuosha matangi ya maji juu ya majengo ya Kileleshwa na Muthangari, pamoja na mjomba wangu. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza hilo duara ni nini.

Inafaa mjue kwamba mimi si mtu wa kusema. Nikiulizwa jambo mbele ya watu, jibu hunijia watu wakishaondoka. Kinyozi akininyoa vibaya namshukuru, na wiki mbili navaa kofia. Sijawahi kumkatalia mtu usoni, hata yule jirani anayeanika nguo zake kwenye kamba yetu. Kwenye zile karatasi za yule mama tu ndipo nilipoweza kusema hapana. Huko hakuna mtu anayenitazama, wala hakuna anayenimalizia sentensi. Miaka minne nilisema hapana huko kwa penseli, na nilikuwa sina mahali pengine.

Na komiki za kukataa zilikuwepo tele. Chukueni yule shujaa wa glovu za kioo. Amekufa tena toleo lililopita. Mimi nimeshamzika mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto na nililia. Sasa mama yake analia ukurasa mzima, na mama anajua atarudi, mimi najua, mchoraji anajua, nadhani hata jeneza linajua. Niliandika: "Kama hafi, msitualike mazishini." Toleo lililofuata lilianza upya na namba moja juu ya jalada, kana kwamba sisi tuliosoma yale arobaini yaliyotangulia tulikuwa tunaota.

Kuna ile ya kikosi. Kwenye jalada wamesimama mashujaa ishirini na sita, na ndani kila mmoja anapewa sentensi moja ya kusema. Nimewahi kusikia mkutano wa wapangaji uani, nikiwa juu ya paa, na ulikuwa hivyohivyo, ila wapangaji walikuwa na jambo la kusema. Halafu wanapigana. Majengo kumi yanaanguka mji mzima, vioo vinamwagika, na ukurasa unaofuata watu wanatembea barabarani na viatu safi. Nani amefagia? Mimi nimewahi kusafisha uchafu wa tangi moja lililopasuka. Tulikaa siku mbili.

Za kutisha ni mbaya zaidi, kwa sababu hazitishi. Mwezi huu nimeona meno mengi kuliko watu. Familia inahamia nyumba kubwa, chini ya nyumba kuna chumba cha giza, na mtoto anatumwa huko kuchukua kitu. Sijui nyumba hizo ziko wapi. Huku kwetu chini ya nyumba kuna udongo. Na zimwi lenyewe linatokea ukurasa wa pili, limesimama wima katikati ya picha, uso mbele, mabega sawa, kama linapigwa picha ya kitambulisho. Ukishaliona hivyo kurasa ishirini zilizobaki unafanya nini? Unahesabu meno.

Mimi najua hofu, na haina meno. Tangi likishatolewa maji, mimi ndiye ninayeingia ndani, kwa sababu mjomba tumbo lake halipiti kwenye mdomo wa tangi. Ndani ni joto na ni giza, na sauti yako ukiitoa inakurudia kutoka pande zote kama ya mtu mwingine. Mjomba hukaa juu. Kila baada ya muda anagonga tangi mara moja kwa mpini wa brashi, nami nagonga mara mbili, maana yake niko sawa. Alianzisha mtindo huo alipoona kwamba akiniita sijibu.

Siku moja huko Muthangari mjomba aliitwa chini na msimamizi wa jengo. Mlinzi mgeni akapanda juu, akakuta tangi liko wazi. Alikuwa ameambiwa matangi yasiachwe wazi, ndege wasije wakachafua maji. Akafunga. Alifanya kazi yake vizuri kabisa. Mimi nilikuwa nimeinama nasugua sakafu, nikaona giza limekuwa zima. Sikupiga kelele. Niligonga mara mbili, nikasubiri. Hakuna aliyegonga. Nikagonga tena mara mbili. Mjomba anasema hakukaa huko chini hata dakika kumi kabla hajarudi kunifungulia. Ndani ya tangi lile hakukuwa na kitu chochote, na hicho ndicho ninachojaribu kuwaambia wachoraji tangu siku hiyo.

Basi mwaka huu ikaletwa pale ngazini komiki ya hapa Nairobi. Aliyeichora ni dada mmoja anayenizidi umri kidogo, mwenye miwani, ambaye huzileta mwenyewe zikiwa zimefungwa kwa uzi. Shujaa wake ni msichana anayeruka juu ya majengo ya Kileleshwa akifukuza mashetani. Nilipoona jina la Kileleshwa kwenye jalada, niliikodi bila hata kufungua. Nilitaka sana iwe nzuri. Nilisoma toleo la kwanza, la pili na la tatu, na la tatu likanimaliza.

Yule msichana anakimbia juu ya paa kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kugusa kitu. Paa ni tupu kama uwanja wa mpira. Pembeni kuna bomba la moshi la matofali. Ukutani kuna ngazi za chuma za kushukia nje, ghorofa hadi ghorofa, kama zile za komiki za ng'ambo. Mimi nimefika juu ya majengo mengi ya Kileleshwa kuliko mtu yeyote ninayemjua, na sijaona bomba la moshi. Nimeona matangi meusi yamepangwa mistari. Nimeona mabomba yanayokwaza miguu, nyaya za kuanikia nguo zilizokaa sawa na shingo ya mtu, na vyumba vya wavu vyenye kufuli ambamo kila mpangaji huanika shuka zake. Msichana yule angekatwa kichwa na waya ukurasa wa nne.

Niliandika karatasi nzima, mbele na nyuma. Ilinichukua mapumziko ya chakula siku tatu. Niliandika kwamba mapaa yake ni ya uongo, ameyanakili kutoka komiki za wengine, na kwamba mtu asiyejua tangi liko wapi asituambie shetani yuko wapi. Nikachora duara langu chini.

Jumamosi mbili baadaye nilikuwa nimesimama pale ngazini nikichagua, dada mwenye miwani akapanda na ile karatasi mkononi. Alikuwa ameing'oa.

"Mathe, nani ameandika hii?"

Mama hakuacha kufuma. "Siwezi jua, siz. Hapa hakuna majina, ni alama tu."

"Hii duara ni ya nani?"

"Hiyo duara iko kwa karibu komiki zote. Ni katili hiyo. Kuna mtu alirudisha kitabu bila kusoma sababu ya hiyo duara."

Nilijificha nyuma ya jalada la komiki nisiyoijua. Hapo kulikuwa na kijana mwingine, mwanafunzi wa chuo, mwenye vipokea sauti vya masikioni vikining'inia shingoni, ambaye huja kuzungumza kuliko kusoma. Akasema, "Ni mimi."

"Ni wewe?"

"Ndio mimi. Mimi sibembelezagi mtu, siz. Kitu ikiwa mbaya nasema ni mbaya."

Niliwaza: mwache. Achukue. Hasira za yule dada zimwendee yeye, mimi nirudi Waithaka salama. Kwa muda mfupi nilifurahi kabisa.

"Sawa," dada akasema. "Umesema paa zangu ni za uongo. Kivipi?"

"Eeh, unaona vile ziko... hazina ile ladha."

"Ladha. Na hapa umeandika tangi mara saba. Tangi gani?"

Kijana akanyoosha shingo kutazama karatasi. "Aah, hiyo tangi? Hiyo ni mfano."

"Mfano ya nini?"

"Ya maisha."

Mama aliangusha sindano ya kufumia kwa kucheka. Dada hakucheka. Alimkazia macho yule kijana mpaka kijana akaanza kujikuna kichwa.

"Siz, wacha nikuambie ukweli. Nilikuwa natania tu. Komiki yako ni moto, hakuna kama hiyo hii mji. Leta kalamu nifute hiyo maneno yote."

Akapewa kalamu. Akaiweka karatasi kwenye ngazi, akapiga mstari juu ya sentensi yangu ya kwanza. Mstari mrefu, ulionyooka, wa mtu anayeandika haraka. Akaingia kwenye ya pili.

Sijui niliteremkaje zile ngazi mbili zilizokuwa kati yetu. Niliona tu mkono wangu uko juu ya karatasi na kalamu yake imenichora kidoleni.

"Niaje, buda? Toa mkono."

Nikatoa penseli yangu mfukoni, nikapiga magoti hapo kwenye saruji, nikaanza kuandika chini ya duara. Nilikuwa na maneno matatu tu. Watu waliokuwa wanapanda jengo walituruka. Nilikosea herufi, nikafuta kwa kidole, nikaanza tena.

"Huyu naye!" kijana akasema. "Msee anaandika ni kama anachimba kisima."

"Mwache amalize," mama akasema.

Niliandika: "Ni mimi. Sikutania." Kisha nikachora duara jingine kando ya lile la kwanza, ili dada aone ni mkono uleule.

Dada aliinama akayalinganisha yale maduara mawili. Kijana akasema ati na yeye aliyaona hivyohivyo tangu mwanzo, kisha akakumbuka ana darasa.

"Na toleo ya kwanza na ya pili?" dada akaniuliza. "Hizo je?"

Nikaandika: "Mbaya pia."

"Na ulisoma zote? Mpaka mwisho?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sasa kama ni mbaya hivyo, ulisomea nini?"

Hilo nililijibu kwa mdomo. Nadhani lilinitoka kwa sababu sikuwa nimelipanga. "Kwa sababu ni za hapa."

Alikaa chini kwenye ngazi. Akavua miwani akaifuta kwa sweta ambayo mama alikuwa bado hajaimaliza. Akaniambia kwamba hakunakili kwa wizi. Anaishi Kileleshwa tangu akiwa mdogo, ghorofa ya kwanza, na mlango wa kwenda juu una kufuli, ufunguo anao msimamizi. Nguo zao hukaushiwa nyuma ya jikoni. Hajawahi kufika juu ya jengo lake. Hajui juu kuna nini, kwa hiyo alichora alichokiona kwenye komiki nyingine.

Nilishangaa sana. Mimi najua juu ya majengo yote yale na sijawahi kukaa ndani ya nyumba hata moja. Lakini sikumhurumia. Nikaandika: "Ungeuliza."

"Nani?"

Nikajionyesha kwa penseli, kisha nikamwandikia jina la jengo tunakoosha matangi.

Jumatano alikuja kwenye jengo tulilokuwa tunafanyia kazi. Mjomba alimpokea kama mgeni wa harusi, akamfutia ndoo aikalie. "Karibu, mchoraji. Lakini mimi usinichore na hii tumbo, tafadhali." Akachora asubuhi nzima. Alichora matangi, nyaya, vibanio, chumba cha wavu chenye soksi moja iliyosahauliwa. Kisha akaingiza kichwa kwenye tangi lililokuwa tupu, akasema "Hee," na tangi likamrudishia. Akakitoa kichwa haraka. Nikachukua daftari lake nikamwandikia habari ya mlinzi na kifuniko, na ya kugonga mara mbili. Ilinichukua muda hata chai ya mjomba ikapoa. Alisoma, akasoma tena, akauliza kama anaweza kuitumia. Nikaitikia.

Toleo la nne lilitoka mwezi uliopita. Mapaa ni sawa. Nasema wazi: mapaa ni sawa kabisa, hata soksi ipo, hata tumbo la mjomba lipo, na mjomba ameubandika ukurasa huo ukutani. Ukurasa wa tisa, msichana anaingia kwenye tangi kujificha. Kifuniko kinafungwa. Ukurasa wa kumi ni mweusi mtupu. Una maneno mawili tu madogo, ngo, ngo. Nilikuwa nyumbani Waithaka, mchana, mlango uko wazi, na niligundua nimeacha kupumua. Sijawahi kusoma ukurasa kama ule. Nilikaa nao kabla sijaufunua.

Nikafunua. Kulikuwa na zimwi. Ndani ya tangi! Limesimama wima, uso mbele, mabega sawa, na meno yake yote.

Nilitaka kuirusha komiki nje kwa kuku wa jirani. Yule dada alikuwa na hofu yenyewe mkononi. Nilimpa yeye kitu ambacho sijampa mtu, na yeye akakivalisha meno. Niliandika kwenye karatasi: "Ukurasa wa kumi ni wa kweli. Wa kumi na moja ni takataka. Ndani ya tangi hakuna kitu. Hakuna kitu, na wewe umegonga, na hakuna anayegonga. Ungeacha hapo." Duara.

Jumamosi iliyofuata nilikuta amenijibu chini yake kwa kalamu nyekundu. Aliandika kwamba watu watano wamesema zimwi ndilo tamu kuliko yote, nyota amesema hivyo, jicho amesema hivyo, na mimi peke yangu ndiye ninayelalamika. Kwamba komiki ya kutisha isiyo na cha kutisha watu watairudisha. Kwamba kama nina zaidi ya kusema, niyaandike yote, na yeye atayachapa nyuma ya toleo la tano bila kukata hata neno, wasomaji waamue.

Ndiyo haya mliyosoma. Yamenichukua wiki tatu. Hajayakata; alinionyesha kabla ya kuchapa, nimelinganisha.

Sasa ni zamu yenu. Toleo la nne mnalo, au liko pale ngazini kwenye kamba. Funueni ukurasa wa kumi, mkae nao kidogo kabla ya kwenda mbele, kisha mniandikie kwenye karatasi ya nyuma: zimwi libaki, au litoke? Msiandike "poa". Msiandike ili kunifurahisha, wala ili kumfurahisha yeye. Kama nimekosea, niambieni wapi, nami nitawajibu wote, ingawa itachukua muda. Tumieni alama yoyote mnayotaka. Duara tu ndilo lenye mwenyewe.